Kuiga na Kuigiza: Kuunganisha Kielelezo cha Nje cha Mwendo wa Ndege na Programu Huria ya FlightGear

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kielelezo cha mwendo wa ndege kilichoundwa nje kinavyounganishwa na FlightGear, ambayo ni programu huria ya kuigiza urukaji wa ndege. Tunashikilia kwamba ugumu wa muunganisho huu haumo katika kusafirisha namba kutoka programu moja hadi nyingine, bali katika kuafikiana juu ya maana ya namba hizo: mpangilio wake, vipimo vyake, mahali pa kuanzia kuhesabu na wakati wake. Kwa kuwa suala la maana kutegemea nafasi si geni kwa mwanasarufi wa Kiswahili, tumetumia mofolojia ya kitenzi kama nyenzo ya ufafanuzi. Mwishoni tunajadili istilahi chache ambazo lugha yetu inaweza kuzichota katika hazina yake yenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili nilikaa chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi ambaye mradi wake ulihusu ndege ndogo isiyo na rubani. Alikuwa ameandika milinganyo ya mwendo wa ndege hiyo katika tarakilishi yake, na sasa alitaka kuiona ikiruka. Usiku mmoja aliniita nitazame kiwambo. Kwa mujibu wa milinganyo yake, ndege ilipaswa kuwa imetua katika uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi. Kiwambo hakikuonyesha uwanja wala jiji. Kilionyesha maji matupu pande zote.

Kwa siku mbili mwenzangu aliikagua milinganyo yake, mstari baada ya mstari, asipate kosa. Kosa halikuwamo humo. Alikuwa ametuma mahali ndege ilipo kwa digrii, ilhali programu iliyopokea ilizisoma namba hizo kuwa ni radiani. Alipogundua hilo alicheka, kisha akasema neno ambalo limenikaa moyoni hadi leo: kwamba mambo kama haya ndiyo ambayo Kiswahili hakiwezi kuyaeleza, na kwamba sisi wa idara ya Kiswahili tuendelee na tenzi zetu.

Makala haya ni jibu langu kwake. Sikusudii kumlaumu. Katika jambo moja alikuwa na haki: uwezo wa lugha hauthibitishwi kwa maazimio ya makongamano, bali kwa kazi ambayo lugha hiyo imefanya. Anayedai kwamba Kiswahili kinaweza kueleza sayansi na teknolojia hana budi kuchukua jambo moja, tena gumu, akalieleza hadi likaeleweka. Jambo nililolichagua ni lile lile lililomkosesha mwenzangu usingizi.

2.0 Kuiga na kuigiza: dhana mbili za msingi

Programu ya kuigiza urukaji hufanya kazi mbili ambazo mtazamaji huzichukua kuwa moja. Kazi ya kwanza ni kukokotoa namna ndege inavyokwenda. Kazi ya pili ni kuionyesha ndege hiyo ikienda. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotenganisha kazi hizi vizuri, navyo ni kuiga na kuigiza. Anayeiga hufuata mwenendo wa kitu kingine kwa usahihi, hata kama hakuna anayemtazama. Anayeigiza huuleta mwenendo huo jukwaani mbele ya hadhira. Katika makala haya, basi, kielelezo cha mwendo ndicho kinachoiga, na programu inayotoa taswira ndiyo kiigizi.

Mwanasarufi atakumbuka kwamba jina hilo hutumiwa pia kwa vielezi viigizi, kama vile pu katika sentensi "Alianguka pu!" Hatuoni mgongano hapo. Kielezi kiigizi hakisimulii mlio bali huutoa. Vivyo hivyo, kiigizi cha ndege hakielezi kuruka bali hukuonyesha kuruka.

Kielelezo huigaje? Ndege iliyo angani hutawaliwa na kani nne kuu: uzani unaoivuta chini, kani ya mabawa inayoiinua, msukumo wa injini unaoipeleka mbele, na ukinzani wa hewa unaoirudisha nyuma. Kielelezo huchukua hali ya ndege ya wakati huo, yaani mahali ilipo, kasi yake, jinsi ilivyoelekea na jinsi inavyozunguka. Huchukua pia alichofanya rubani kwa usukani na hali ya hewa ilivyo. Kutokana na hayo hukokotoa kani zote pamoja na nguvu zinazoizungusha ndege. Kwa kanuni ya Newton, kani ikigawanywa kwa tungamo hutoa mchapuko. Mchapuko hulimbikizwa ukawa kasi, na kasi ikalimbikizwa ikawa mahali papya. Kisha hesabu huanza tena. Katika FlightGear mzunguko huu kwa kawaida hufanyika mara 120 kwa kila sekunde.

FlightGear yenyewe ilianza kama pendekezo lililotolewa na David Murr mwaka 1996. Curtis Olson aliusukuma mradi huo mbele, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1997. Hutolewa kwa leseni ya GPL, inayompa mtumiaji yeyote ruhusa ya kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa. Tangu mwanzo haikufungwa kwa kielelezo kimoja cha mwendo. Ilianza na LaRCsim, kazi ya Bruce Jackson wa kituo cha NASA cha Langley nchini Marekani. Baadaye ilipokea JSBSim, iliyoanzishwa na Jon Berndt, ambamo sifa za kila ndege huandikwa katika faili za XML. Ilipokea pia YASim ya Andy Ross, ambayo hukisia mwenendo wa ndege kutokana na umbo lake. Vielelezo hivi hukaa ndani ya programu. Suala letu ni kile kinachokaa nje.

3.0 Kwa nini kielelezo kikae nje?

Sababu ni tatu. Kwanza, mtafiti huwa tayari ana kielelezo chake. Wahandisi wengi huunda vielelezo katika Matlab na Simulink, na kuviandika upya ndani ya FlightGear kungekuwa kazi ya miezi. Zana za anga za Simulink zina sehemu maalumu ya kutuma matokeo kwa FlightGear, na mfano wake mashuhuri ni HL-20, chombo cha NASA kilichobuniwa kurudi kutoka anga za juu. Pili, kuna wanaotaka kujaribu ubongo wa ndege isiyo na rubani kabla ya kuihatarisha ndege yenyewe. Mradi huria wa ArduPilot hufanya hivyo: mwendo hukokotolewa kwingine, na FlightGear hutumiwa kama dirisha la kutazamia tu. Tatu, kazi zikitenganishwa, kosa hutafutwa kwa urahisi. Ukijua kwamba kiigizi hakikokotoi chochote, basi ndege ikienda vibaya chanzo ni mojawapo ya mambo mawili: kielelezo, au mawasiliano kati yake na kiigizi.

Mfano wa nyumbani utatusaidia. Mtu anayesikiliza mpira redioni haoni uwanja. Mchezo unachezwa mahali pengine, na mtangazaji anampelekea maneno mfululizo. Kutokana na maneno hayo msikilizaji hujenga uwanja mzima akilini: nani ana mpira, yuko upande gani, anaelekea lango lipi. Kielelezo cha nje ni uwanja pamoja na mtangazaji. FlightGear ni msikilizaji. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa redio ana akili ya kusahihisha. Mtangazaji akikosea jina la mchezaji, msikilizaji atajua. Tarakilishi haijui. Huamini kila inachoambiwa.

4.0 Sarufi ya kifurushi

Mtangazaji wa mwenzangu alikuwa akizungumza kwa vifurushi. Kifurushi ni kundi la namba zinazotumwa kwa pamoja kupitia mtandao, au kati ya programu mbili katika tarakilishi moja. Ili FlightGear isikokotoe mwendo yenyewe bali isikilize, huanzishwa kwa amri kama hii:

fgfs --airport=HKJK --fdm=external --native-fdm=socket,in,30,,5505,udp

Sehemu ya kwanza baada ya jina la programu inataja uwanja wa kuanzia, na HKJK ndiyo alama ya kimataifa ya uwanja wa Jomo Kenyatta. Sehemu ya pili inasema kwamba kielelezo cha mwendo kiko nje. Sehemu ya tatu ni ya mawasiliano: pokea kutoka nje, mara 30 kwa sekunde, kupitia mlango namba 5505, kwa itifaki ya UDP.

Kifurushi kinachopokewa kwa njia hii kina mpangilio maalumu. Katika toleo la 24 la mpangilio huo kifurushi kina baiti 408. Mwanzoni kuna namba ya toleo, kisha nafasi ya baiti nne isiyo na kitu, kisha longitudo, latitudo na mwinuko. Hufuata urefu kutoka ardhini na pembe za mkao wa ndege, na baada ya hapo kasi, injini, mafuta, magurudumu na sehemu zinazogeuka katika mabawa na mkia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba namba hizi hazina majina. Hakuna mahali palipoandikwa "hii ni longitudo". Maana ya kila namba hujulikana kwa nafasi yake tu. Mgeni huona hali hii kuwa ya ajabu. Mzungumzaji wa Kiswahili, hata hivyo, huishi nayo kila siku. Tuchukue kitenzi mnampenda. Ndani yake mna m mbili zenye umbo moja. Ya kwanza ni nafsi ya pili wingi, nyinyi. Ya pili ni yeye anayependwa. Hakuna alama yoyote inayozitofautisha isipokuwa mahali zilipokaa. Anayejua mpangilio wa viambishi hapotei, na asiyeujua hawezi kusaidiwa na kamusi. Kifurushi ni kitenzi cha namna hiyo, chenye viambishi vingi.

Kosa la nafasi lina matokeo gani? Tumezoea kutaja latitudo kwanza na longitudo baadaye. Kifurushi hutaka longitudo itangulie. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko takriban digrii 1.32 kusini mwa ikweta na digrii 36.93 mashariki. Namba hizo zikibadilishana nafasi, ndege hujikuta digrii 36.93 kaskazini na 1.32 magharibi, yaani katika Bahari ya Mediterania, nje kidogo ya pwani ya kusini-mashariki mwa Uhispania. Namba zote mbili ni sahihi. Kilichokosewa ni sarufi.

Na ile nafasi ya baiti nne isiyo na kitu ni ya nini? Tarakilishi hupenda namba ndefu za baiti nane zianze mahali panapogawanyika kwa nane. Namba ya toleo huchukua baiti nne tu, hivyo nne nyingine huwekwa ili longitudo ianze mahali pake. Wanafunzi wengi wa uhandisi huisahau kwa sababu haina maana yoyote. Mwanafunzi wa mofolojia ataitambua mara moja. Katika anakula, kiambishi ku hakileti tena maana ya kitenzi-jina. Kimewekwa ili mzizi wenye sauti moja upate silabi ya kubebea mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ku hiyo haina maana, lakini haiondoleki: anala si Kiswahili. Hivyo ndivyo ilivyo ile nafasi tupu. Ukiiacha, kila kinachofuata huhama mahali pake, na urefu wa kifurushi hauwi tena ule unaotarajiwa.

Kuna suala jingine la mpangilio, nalo limo ndani ya namba yenyewe. Namba kubwa huhifadhiwa katika baiti kadhaa. Je, baiti yenye thamani kubwa itangulie au ifuate? Tarakilishi nyingi za mezani hutanguliza ndogo, ilhali mapatano ya mtandao, ambayo FlightGear huyafuata katika kifurushi hiki, hutanguliza kubwa. Tofauti hii si ngeni kwetu. Mswahili husema ishirini na moja; Mwarabu husema moja na ishirini. Tuliazima neno ishirini kutoka Kiarabu bila kuazima mpangilio. Sasa fikiria mtu anayeandika anachosikia bila kujua msemaji ni yupi kati ya hao wawili. Namba ya toleo 24 baiti zake zikisomwa kinyume huwa 402,653,184. FlightGear huona toleo lisilolijua na kukikataa kifurushi. Ndege haisogei kabisa. Hilo ni kosa la heri, kwa sababu linaonekana papo hapo.

5.0 Vipimo na mahali pa kuanzia kuhesabu

Makosa ya hatari ni yale ambayo hayaonekani. Kifurushi hutaka longitudo na latitudo kwa radiani na mwinuko kwa mita. Radiani ni njia nyingine ya kupima pembe: mzunguko mzima, ambao ni digrii 360, ni radiani 6.283. Mahali pa uwanja wetu kwa radiani ni takriban 0.645 kwa longitudo na -0.023 kwa latitudo.

Mwenzangu alituma 36.93 na -1.32. Tufuatilie hesabu. Radiani 36.93 ni mizunguko sita ya dunia kasoro kidogo. Kikiondolewa kilichozunguka bure, ndege hubaki takriban digrii 44 magharibi. Radiani -1.32 ni takriban digrii 75.6 kusini. Mahali hapo pamo katika Bahari ya Weddell, kando ya bara la Antaktika. Maji tuliyoyaona usiku ule yalikuwa ya huko. Milinganyo yake ilikuwa sahihi kabisa, na ilimpeleka kusini mwa dunia.

Mwinuko nao una mtego wake. Marubani huhesabu kwa futi, na uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, sawa na mita 1,624 hivi. Anayetuma 5,330 mahali panapotakiwa mita huiacha ndege ikining'inia takriban kilomita 3.7 juu ya njia ya kurukia.

Zaidi ya kipimo kuna mahali pa kuanzia kuhesabu. Kwetu sisi hili halihitaji maelezo marefu. Mtu akituambia tukutane saa mbili asubuhi, tunajua ni saa mbili baada ya jua kuchomoza. Mgeni anayehesabu kuanzia usiku wa manane atafika mapema kwa saa sita na kukuta mlango umefungwa. Saa ni zile zile na kipimo ni kile kile. Kilichotofautiana ni mwanzo wa hesabu. Vivyo hivyo, mwinuko unaweza kuhesabiwa kutoka usawa wa bahari au kutoka ardhini. Ndege iliyosimama Nairobi ina mwinuko wa mita 1,624 kwa hesabu ya kwanza na sufuri kwa hesabu ya pili. Mwelekeo pia una mianzo miwili: mwanahisabati huanzia mashariki na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, rubani huanzia kaskazini na kufuata mishale. FlightGear humfuata rubani.

Iwapo kuna atakayeona haya kuwa ni mambo madogo, historia ina mfano. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998 kuelekea sayari ya Mirihi, na kikapotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika huko. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja ya ardhini ilitoa namba zake kwa vipimo vya Kiingereza, yaani ratili, ilhali hesabu zilizozitumia namba hizo zilizitarajia kwa vipimo vya metriki, yaani nyutoni. Kila upande ulikuwa sahihi kwa lugha yake. Chombo kilipotea katika tafsiri.

6.0 Wakati, na mazungumzo ya pande mbili

Itifaki ya UDP haidai risiti. Kifurushi kikipotea njiani, hakitumwi tena. Mtu anaweza kuona huo kuwa upungufu, lakini turudi kwa mtangazaji wa mpira. Sauti ikikatika kwa sekunde moja, msikilizaji hataki mtangazaji arudie alichokisema. Anataka kujua mpira uko wapi sasa. Habari ya mahali ndege ilipokuwa sehemu ndogo ya sekunde iliyopita haina faida pindi habari mpya imefika.

Tatizo la wakati liko kwingine. Kielelezo kinaweza kukokotoa mara 120 kwa sekunde, vifurushi vikatumwa mara 30, na kiwambo kikachorwa mara 60. Hapo picha moja kati ya mbili haina habari mpya, na ndege huonekana ikishtukashtuka. Aidha, kielelezo kinachokokotoa haraka kuliko saa ya ukutani kitaifanya ndege iende mbio kuliko hali halisi. Ni lazima hesabu ifungwe kwenye saa.

Isitoshe, mawasiliano hayawi kamili yakiwa ya upande mmoja. Mtu anayeshika usukani kwenye kiigizi lazima kielelezo kijue alichofanya. Kwa hiyo amri ya pili huongezwa:

--native-ctrls=socket,out,30,localhost,5506,udp

Kifurushi hiki hutoka FlightGear kwenda kwa kielelezo. Pamoja na hali ya usukani, hubeba pia mwinuko wa ardhi chini ya ndege. Sababu ni kwamba milima na mabonde yako kwa kiigizi, si kwa kielelezo. Kielelezo kisichoambiwa ardhi iko wapi kitaitua ndege chini ya lami au juu yake, nacho kitakuwa na uhakika kwamba kimetua vyema.

7.0 Njia ya pili na hatua za kufuata

FlightGear ina njia nyingine isiyo kali kiasi hicho. Ndani yake kila hali hutunzwa katika mti wa sifa, na kila jani la mti huo lina jina. Latitudo huitwa /position/latitude-deg, na mwinuko huitwa /position/altitude-ft. Mtumiaji anaweza kuandika faili ya XML inayoorodhesha sifa anazotaka kutuma na mpangilio wake, kisha akaitumia kwa amri ya --generic, huku kielelezo cha ndani kikizimwa kwa --fdm=null. Namba zinaweza kutumwa kama maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma.

Tazama majina hayo kwa makini. Kipimo kimo ndani ya jina: deg ni digrii, ft ni futi. Tazama pia kwamba programu ile ile hutaka mita katika kifurushi na futi katika mti wa sifa. Anayehama kutoka njia moja hadi nyingine bila kubadili vipimo atapotea tena. Hata hivyo, jina linalobeba kipimo chake ni mwalimu mzuri, na kwa anayeanza tunapendekeza njia hii.

Iwe njia yoyote, hatua hizi nne zinaokoa muda:

(a) Anza na ndege iliyosimama. Tuma mahali pa uwanja unaoufahamu, bila mwendo wowote. Ndege ikionekana pale inapotakiwa, basi mpangilio, vipimo na mwanzo wa hesabu vyote ni sahihi.

(b) Badilisha namba moja tu kwa wakati mmoja. Njia ya kurukia namba 06 ya Nairobi inaelekea takriban digrii 60, yaani radiani 1.05. Tuma mwelekeo huo uone kama pua ya ndege inalingana na njia.

(c) Kagua alama za kujumlisha na kutoa. Pua ikipanda, pembe yake iwe chanya. Bawa la kulia likishuka, pembe ya ubavu iwe chanya.

(d) Baada ya hayo tu ndipo uwashe milinganyo ya mwendo, na mwisho kabisa usukani.

Mwenzangu alianza na hatua ya mwisho.

8.0 Istilahi: kutoka baharini hadi angani

Katika kuandika makala haya nimetafuta istilahi, na nimegundua kwamba njia ilikwisha kupitwa na waliotutangulia. Rubani alikuwa mwongozaji wa chombo baharini kabla ya kupanda angani. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari na ndege. Abiria walivuka maji kabla ya kuvuka mawingu. Wazungumzaji hawakungoja kamati. Walichukua maneno ya chombo kimoja wakayapa chombo kingine.

Tunaweza kuendelea. Ndege huzunguka kwa namna tatu: pua kupanda na kushuka, pua kugeuka kushoto na kulia, na ubavu kulala huku na huku. Kwa namna ya tatu mabaharia wana neno mrama, yaani kuyumba kwa chombo. Pingamizi lipo: katika mazungumzo ya kawaida, jambo lililokwenda mrama ni jambo lililoharibika, na ndege inayolala ubavu ili ipige kona haijaharibika. Nakiri uzito wa pingamizi hilo. Hata hivyo, istilahi hujipatia maana katika uwanja wake, na hakuna anayedhani kwamba mzizi wa kitenzi umefukiwa ardhini. Kwa upande mwingine, singependekeza omo mahali pa pua, ingawa ni neno zuri la pwani. Pua inaeleweka Busia na inaeleweka Lamu, na istilahi bora ni ile ambayo haimwachi msomaji nyuma.

9.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kuunganisha kielelezo cha nje na FlightGear ni kazi ya mapatano. Milinganyo inaweza kuwa sahihi, mtandao ukawa wazi, na bado ndege ikawa Antaktika, kwa sababu pande mbili hazikuafikiana juu ya nafasi, kipimo, mwanzo wa hesabu na wakati. Tumeonyesha pia kwamba dhana hizi zote zina mwenzake katika lugha yetu: katika m mbili za mnampenda, katika ku ya anakula, katika ishirini na moja, na katika saa mbili ya asubuhi.

Pendekezo letu kwa wanachama ni dogo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ana jirani anayesomea uhandisi, udaktari au kilimo. Amwombe amweleze jambo moja lililomshinda, kisha ajaribu kuliandika kwa Kiswahili hadi jirani huyo alisome na kukubali kwamba ndilo. Rasimu ya makala haya nilimpa mwenzangu aisome. Alisahihisha mambo mawili katika sehemu ya tano, akanirudishia, kisha akauliza kama ile hoja ya ku ya anakula anaweza kuitumia kuwaelezea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa nini baiti nne tupu haziachwi.